Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tusiisingizie bahari

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Pangani. Mimi ni nahodha wa mashua. Kwa miaka mingi riziki yangu imekuwa kupeleka watu Maziwe, fungu la mchanga lililoko baharini, na kuwarudisha kabla maji hayajajaa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilisemwa hadharani, kwenye mkutano mmoja wa wananchi, nikarudi nyumbani chakula kikanishinda.

Msemaji wa kwanza alitwambia tusihangaike na habari za joto la dunia kwa kuwa wasomi wenyewe hawajakubaliana. Watu wakapiga makofi. Wa pili, kijana mwenye fulana ya mradi, akaja na lake: ufukwe unaolika, samaki waliopungua, minazi iliyolala, yote tabianchi. Makofi tena. Siwataji, na wala haina haja, maana mwambao mzima utawakuta wenzao. Kinachoniuma ni kwamba wote wawili walikosea, na kila kosa lina mtu anayenufaika nalo.

Nianze na wa kwanza. Wasomi wanabishana kila siku, ndiyo kazi yao, lakini si juu ya hilo alilolisema. Kwamba hewa ukaa hushika joto, John Tyndall alilipima maabara kule Uingereza karibu na mwaka 1860. Mwaka 1896 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alikaa na kalamu akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka duniani hewa hiyo ikizidi maradufu. Hapa kwetu Wajerumani walikuwa wamemnyonga Abushiri, aliyeongoza vita dhidi yao, miaka 7 tu nyuma. Habari yenyewe ni ya zamani kiasi hicho, halafu mtu anatwambia bado inajadiliwa!

Tangu 1958 hewa hiyo inapimwa mlimani Mauna Loa, Hawaii. Walianza na sehemu kama 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420. Na wanajua imetoka wapi, kwa sababu makaa ya mawe na mafuta yamelala chini ya ardhi mamilioni ya miaka hadi kaboni-14 yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita, ikaisha. Hewa inayotoka huko haina alama hiyo, kwa hiyo ikichanganyika na nyingine inajulikana, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Kwenye kahawa mzee mmoja alinibana: "Jua ndilo limezidi, nahodha." Swali zuri, na wamelipima. Setilaiti zinaliangalia jua tangu 1978 na halijaonekana kuzidi. Halafu kuna hili ambalo mimi lilinimaliza ubishi: hewa ya chini inapata joto, ya juu kabisa inapoa. Jua lingekuwa ndilo lililozidi, zote zingepata joto. Lakini mtu aliyejifunika blanketi hupata joto yeye, na nje ya blanketi hubaki baridi. Mzee alinyamaza, akaagiza kashata. Sijui kama alikubali.

Bahari nayo. Taarifa ya wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya mwaka 2021 inasema kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Shubiri moja. Wenzangu hucheka nikiwaambia, kwa sababu hapa kwenye bamvua, siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, sasa shubiri nani ataiona? Huioni kwa siku moja wala kwa mwaka. Unapima kila saa miaka nenda rudi, unatafuta wastani, bamvua na maji mafu, yale ya siku maji yanapopanda kidogo, vinajifuta vyenyewe, kinachobaki ndicho hicho. Na mwendo umeongezeka: miaka 70 ya mwanzo ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka, kati ya 2006 na 2018 imefika 3.7.

Sasa yule kijana wa fulana. Hapa ndipo penye uchungu wangu, maana yeye alikuwa upande wangu.

Mheshimiwa, Maziwe ilikuwa kisiwa hasa. Ilikuwa na mivinje, kasa walipanda kutaga, na mwaka 1975 serikali ikaitangaza hifadhi. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakafanya yao. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Wageni huniuliza, "Hiki ndicho kisiwa kilichozamishwa na tabianchi?" Ningesema ndiyo ningepata bakshishi nzuri zaidi. Lakini hesabu hainiruhusu: wakati ule bahari ilikuwa haijapanda hata shubiri nzima. Ilisaidia, sikatai, na leo inahakikisha kisiwa hakirudi. Ila shoka lilitangulia.

Na matumbawe je? Joto la bahari la 1998 liliyafanya meupe, hilo ni la dunia. Lakini baruti za kuvulia samaki zilizoyavunja pwani hii ya Tanga zilirushwa kwa mikono ya watu tunaosali nao, na matumbawe mengine yaliishia kwenye tanuri za chokaa. Mwamba ukishavunjika, wimbi linakuja ufukweni na nguvu zake zote.

Mwaka juzi, ili nione ufukwe unalika wapi, nilipigilia vigingi kumi vya mkandaa, nikavipaka rangi iliyobaki ya mashua. Vitano mahali malori yanaposhuka usiku kuchota mchanga, vitano penye mikoko. Kusi ilipokwisha, kwenye malori vilibaki viwili na kimoja kimelala ubavu. Penye mikoko vyote vitano vimesimama. Mtu mmoja anayejua mambo haya akanirekebisha: penye mikoko mawimbi ni madogo toka asili, si haki kulinganisha. Kweli. Ndiyo maana naomba wapime wanaojua kupima.

Maana unaona mchezo ulivyo. Tukisema hakuna kitu, aliyechafua hewa huko duniani analala usingizi. Tukisema kila kitu ni tabianchi, mwenye lori analala usingizi. Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia, kwa hiyo deni hilo tuna haki ya kulidai. Lakini utamdaije Mzungu shubiri yake huku mchanga wako unaubeba mwenyewe?

Lipo pia ambalo kwenye mkutano ule hakuna aliyethubutu kuligusa. Bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa hapa mkoani, Chongoleani. Sisemi lifungwe, nawajua wanaolitegemea. Nasema tu kwamba bomba na bahari ni majirani, na haifai wawe wanajadiliwa vikao tofauti kana kwamba hawajuani.

Ninachokuomba si kikubwa. Agiza vigingi vya kweli viwekwe fukwe za mkoa huu, vyenye namba, visomwe kila bamvua, na matokeo yabandikwe ofisi za vijiji ambako hata mimi naweza kuyasoma. Mchanga ukitoka, iandikwe umetoka wapi na kwa kibali cha nani. Na anayepanda jukwaani kusema wasomi hawajakubaliana aulizwe papo hapo: wapi, na juu ya lipi?

Kabla ya kujibu, njoo uone. Siku ya bamvua maji hutoka kabisa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo tuondoke Pangani saa mbili. Tutakuwa na muda wa kutosha kulizunguka fungu lote kwa miguu kabla halijazama. Mashua haina kivuli, chukua kofia. Viatu utaviacha kwangu.

Wako katika kazi,
Nahodha, Pangani