Kituo cha anga: tumehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa,

Ijumaa Kituo cha Kimataifa cha Anga kitapita chini mno, nyuma ya mwembe wa jirani. Jumamosi kinapita karibu utosini, saa 1:12 usiku, kilomita 400 na ushee tu juu yetu. Kwa hiyo tumehamisha siku ya kukirekodi kwa darubini.

1. Mahali ni pale pale, uani kwangu Mbezi. Fikeni saa 11:30 jioni, darubini ipate muda wa kupoa ilingane na hewa ya nje.

2. Mchango ni 5,000 kwa chai na maandazi.

3. Kazi: mmoja ashike darubini na kufuata kwa mkono, mmoja akae kwenye kompyuta, mmoja ahesabu dakika kwa sauti. Nani anataka ipi?

Mara iliyopita kituo kilitoka kwenye picha kama punje ya wali iliyovimba, na kosa lilikuwa langu: nilichezea fokasi (kirekebisha ukali wa picha) chombo kikiwa kinapita. Safari hii tunaiweka mapema kwenye nyota angavu, tunaibana kwa utepe wa gundi, na mtu asiiguse (hata mimi!). Tutarekodi video kwa 1/1000 ya sekunde kila fremu (picha moja ya video), maana kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa na tuna dakika sita hivi. Fremu kali tutachambua baadaye. Nataka paneli za jua zionekane.

Tafadhali andika "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Mawingu yakifunga, nitawajulisha Jumamosi saa 10 jioni.