Risala ya Klabu ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, Mbagala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wa klabu, tunakukaribisha shuleni kwetu kwa mikono miwili. Tunajua una majukumu mengi, na foleni ya barabara ya Kilwa haimjui mkubwa wala mdogo. Asante kwa kufika, na asante zaidi kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.

Historia yetu ni fupi. Klabu ilianzishwa na matroni na wasichana wachache wa kidato cha pili. Leo ina wanachama katika kila mkondo. Mafanikio ni mengi mno. Tumeelimisha kata nzima kuhusu afya ya balehe, tumepanda miti, mmojawapo umestawi sana, na kwenye mdahalo wa kata tulishika nafasi ya pili kati ya shule zilizofika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fahari yetu kubwa ni daftari. Rejista ya darasa huonyesha kwamba mwanafunzi hayupo. Kaunta buku letu huandika kwa nini: maumivu ya hedhi, kukosa nauli, kubaki nyumbani kulea mdogo wake, kuogopa njia anayopita. Halina majina, ni umri, kidato na sababu tu.

Tulilianzisha kwa kuwa Shirika la Afya Duniani humhesabu kijana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, lakini tafiti za kaya zinazotegemewa na nchi nyingi, ukiwemo wetu wa 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kwa tafiti hizo tunajua kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwishazaa au kubeba mimba walipungua kutoka asilimia 27 mwaka 2015/16 hadi 22 mwaka 2022. Tunaipongeza Serikali. Ila huyu wa miaka 13 anayekaa dawati la mbele kidato cha kwanza, mdadisi wa utafiti akifika kwao atazungumza na mama yake. Na Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka hata uzazi wa miaka 10 hadi 14 uhesabiwe.

Changamoto yetu ni mahali pa kuulizia. Tunahojiana chini ya mwarobaini, pembeni ya kiwanja cha mpira. Mvulana akija kufuata mpira, msichana aliyekuwa ameanza kueleza habari za mjomba wake anasema, "Kichwa tu kiliniuma." Ndiyo maana katika daftari letu maumivu ya kichwa yanaongoza, na matroni mwenyewe haamini. Daftari lenyewe hulala kwenye mkoba wake na kupanda naye daladala kila siku.

Ukigeuka kushoto, Mheshimiwa, utaliona boma. Kiongozi aliyetutembelea kabla yako, ambaye kwa heshima hatumtaji, aliweka jiwe la msingi la chumba cha ushauri nasaha na kuahidi mabati kabla shule haijafungwa. Hakusema kufungwa kwa muhula upi. Wazazi walichanga, boma likafika kwenye lenta. Jiwe lipo na linasomeka vizuri. Mbuzi wa majirani hupumzika hapo. Tulikumbusha kwa barua, tukajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nakala tunazo.

Tunaomba mbao za kenchi, mabati ya geji 28, mlango wa chuma unaofungika, na kabati la chuma lenye funguo. Kompyuta tumeshaahidiwa mara nyingi, kwa hiyo leo hatuiombi. Ikitangulia paa, italowa.

Fundi aliyefanya makadirio amekaa safu ya tatu, na karatasi ya gharama anayo mkononi. Kalamu tumeandaa.

Kwa heshima na taadhima, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu