Barua kwa mdogo wangu: chukua ile nene nyeusi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea, na natumaini nyote hamjambo. Wape baba na mama shikamoo zangu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: ukishafika kwenye mambo ya kompyuta utasahau.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kama nimekuelewa, kazi za video za harusi na mabango zimekuzidi, kompyuta ya zamani imechoka, baba amekubali kuongezea kwenye akiba yako, na laptopu zilizo mbele yako ni tatu: ile nyembamba ya rangi ya fedha yenye stika ya i7 (jina la chipu ya Intel), ile nene nyeusi ya wacheza gemu, na MacBook Air iliyotumika. Moyo wako uko kwa ya fedha. Baba naye anauliza kwa nini tusimwachie dada anunue huku ng'ambo niliko. Nitawajibu wote wawili, ila acha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Laptopu yangu ya kwanza ya kazi niliichagua kwa macho. Nyembamba kama daftari, kifuniko unakifungua kwa kidole kimoja. Mwezi wa pili nikapewa video ya harusi ya rafiki niihariri. Kwenye kioo changu gauni la bibi harusi lilikuwa na ubluu fulani, kama nguo iliyozidishiwa bluu wakati wa kusuuza. Nikavuta rangi kuelekea manjano, kidogo kidogo, usiku kucha, hadi gauni likawa jeupe la kupendeza. Siku ya kuitazama, watu wamejaa sebuleni mbele ya televisheni kubwa, gauni likatokea na rangi ya gazeti lililosahaulika darini. Mama wa bibi harusi alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili gauni ndilo lile?" Afadhali angenigombeza.

Nilipokuja kusoma karatasi ya sifa za ile mashine, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kulipa, nikakuta kioo chake ni cha asilimia 45 ya NTSC. Namba hiyo haishtui mtu asiyeijua. NTSC hapo ni kipimo cha rangi kilichotokana na televisheni za Marekani za mwaka 1953, na asilimia 45 yake ni kama asilimia 60 na kidogo tu ya sRGB, kipimo ambacho picha za intaneti zimejengwa juu yake tangu miaka ya 1990. Yaani rangi nyingi kioo kile hakikuwa na uwezo wa kuzitoa, na juu ya hapo weupe wake ulikuwa umeegemea bluu tangu kiwandani. Nilikuwa nasahihisha kosa la kioo nikidhani ni kosa la kamera.

Ndiyo maana nataka uanze na kioo, wakati wauza laptopu wote huanza na prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu zote. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, mara nyingi unaweza kuja kuongeza, diski utabadilisha, maus utanunua hata kesho. Kioo umekioa. Uliza kama ni IPS au OLED, aina za kioo zinazoshika rangi vizuri, uliza kama kinafikia asilimia 100 ya sRGB, na mwanga wake usiwe chini ya niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza), la sivyo mchana karibu na dirisha utakuwa unajitazama uso wako. Kikiwa na DCI-P3, kipimo cha rangi cha sinema kilicho kipana kuliko sRGB, neema juu ya neema, lakini kwa kazi zako za sasa usikifie.

Sasa ile ya fedha. Picha ya stika uliyonitumia niliikuza. Imeandikwa i7, ni kweli, lakini namba inayofuata ni 7500U, na hiyo ndiyo yenye habari. Tarakimu ya mwanzo inasema ni kizazi cha saba. Chipu hiyo ilitoka mwaka 2016. Herufi U mwishoni inasema ilitengenezwa kubana matumizi ya umeme. Ndani ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Ile nene nyeusi, unayoidharau kwa sababu stika yake ni i5, ni 12450H: kizazi cha 12, viini vinane, na H ni alama ya chipu zinazoruhusiwa kula umeme zaidi ili zifanye kazi zaidi. Kwa hiyo i5 hii inaiacha i7 ile mbali sana. Tena Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chipu chache, na hiyo 7500U haimo. Na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikwambia amekuwekea Windows 11 na inafanya kazi vizuri, mjibu kwa adabu uondoke.

Iko pia habari ya RAM. Ya fedha ina GB 8 zilizochomelewa kwenye mazabodi. Hakuna nafasi ya kuchomeka nyingine, ni hizo hadi mwisho wa maisha yake. Photoshop ikiwa na bango moja kubwa lenye leya (tabaka za picha) arobaini, na programu ya video iko wazi pembeni, GB 8 zimekwisha. Kuanzia hapo kompyuta inaazima nafasi kwenye diski, ambayo hata ikiwa SSD, ile diski ya kasi, nzuri kiasi gani haiwezi kuifikia RAM kwa kasi, na wewe unabaki kutazama kiduara kinazunguka. Kwa kazi zako GB 16 ndio mwanzo, na kama unagusa video za 4K, zenye picha kali sana, au After Effects, programu ya michoro inayosogea, GB 32 si anasa. Ya nyeusi nayo inauzwa na GB 8, lakini nimeona kwenye picha yako ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya mashine, kwamba ina nafasi mbili na imetumika moja, na aina yake imeandikwa SODIMM. Hiyo maana yake RAM inachomoka. Ungeona pameandikwa "Row of chips" ndipo uogope. Ukienda kuongeza, hakikisha kwanza kama ni DDR4 au DDR5, yaani RAM ya kizazi gani, maana haziingiliani hata mtengenezaji akiwa mmoja.

Umeniuliza kwa nini video za kamera yako mpya zinakatakata wakati simu ya kawaida inazicheza bila shida. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Picha moja ya 4K ina pikseli (nukta za picha) 8,294,400, mara nne ya Full HD. Kamera ikichukua picha 25 kwa sekunde, hizo ni pikseli zaidi ya milioni 200 kila sekunde, na hakuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya kumeza mzigo huo ukiwa mbichi. Kwa hiyo kamera inabana. Inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika: mkono umesogea hapa, shela limepepea pale. Simu ikicheza inakwenda mbele tu, kama mtu anayesoma hadithi. Wewe unapohariri unaruka, unarudi nyuma, unakata katikati, na kila ukigusa sehemu kompyuta inalazimika kurudi kwenye picha kamili iliyo karibu na kuijenga upya picha unayoitaka. H.264 na HEVC ni majina ya njia za kubana: H.264 inabana hivyo, na HEVC inabana zaidi, ndiyo maana faili zake ni ndogo lakini nzito kuhariri.

Dawa yake ni saketi maalumu ndani ya chipu, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ya kufungua video peke yake. Intel wanaiita Quick Sync na hiyo 12450H inayo. Kama kamera yako inarekodi HEVC ya biti 10 aina ya 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, hapo Intel imezitangulia kadi nyingi za grafiki (za kuchakata picha) za NVIDIA, ambazo zilianza kuifungua aina hiyo kwenye familia ya RTX 50 mwaka 2025.

Na kabla hata hujanunua chochote, jaribu proksi. DaVinci Resolve na Premiere Pro, programu za kuhariri video, zote zinaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video zako. Unakatakata ukitumia hizo, na siku ya kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Kompyuta yako ya sasa inaweza kukusogeza mwezi mmoja au miwili kwa njia hiyo, na huo ni mwezi wa kuongeza akiba.

Kadi ya grafiki ya hiyo nyeusi ni RTX 4050 yenye GB 6 zake yenyewe. Inatosha. Resolve inaitegemea sana kadi, hasa kwenye rangi na kuondoa chenga za video za usiku, na Blender, programu ya michoro ya 3D, vilevile. Photoshop na Illustrator haziihitaji kwa kiwango hicho. Jambo moja tu uulize: wati. RTX 4050 ya laptopu inaweza kuwekwa kwa wati 35 au hadi 115, jina lilelile na stika ileile, na tofauti utaiona kwenye kazi. Laptopu nyembamba hupewa wati chache kwa sababu joto halina pa kutokea. Unene unaoucheka ndio pumzi ya mashine. Ila jiandae: feni zitavuma, betri haitamaliza hata nusu siku ya kuhariri, na ukichomoa chaja kasi inashuka. Hiyo ni mashine ya mezani inayokubali kubebwa.

MacBook Air sijaisahau, na ningekuwa naandika kuhusu nyingine ningeisifu. Chipu ya Apple ya M1 ya mwaka 2020 inafungua H.264 na HEVC kwa wepesi, kioo chake ni kizuri kuliko vingi, na betri inadumu. Lakini hiyo uliyoonyeshwa ni ya RAM ya GB 8 na diski ya GB 256, na kwa hizo hakuna cha kuongeza hata uende na fundi gani. Haina feni pia, kwa hiyo kazi ndefu ya saa nzima itaipunguza kasi. Angalia hesabu hii: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne za sherehe, ni GB 360. Diski ya 256 inakataa hata kabla hujaketi. Ingekuwa ya GB 16 na diski ya 512, tungezungumza.

Baba, hili ni lako. Kununua huku si lazima kuwe bora. Chipu ni zilezile, viwanda ni vilevile. Kibodi zinazouzwa katika nchi nyingine zimepangwa kivingine, za Ufaransa huanza na A na Z pale penye Q na W, na dhamana mara nyingi haivuki mpaka. Ikiharibika itabidi irudi kwa ndege. Chaja tu ndiyo haina tatizo, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Kama hatimaye mtaamua nilete, nitaibeba begi la mkononi, si la kupakiwa chini ya ndege, kwa sababu ya betri. Mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 bila maswali, ndiyo maana laptopu kubwa nyingi zina betri ya 99 na pointi.

Mdogo wangu, ukienda kuiangalia hiyo nyeusi usiende mikono mitupu. Beba flashi yenye video ya kamera yako mwenyewe, sio ile ya maua wanayoonyesha wao. Ihariri dakika kumi, itoe, sikiliza feni, gusa juu ya kibodi. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo chote, halafu wa kijivu, uinamishe huku na huku. Doa au ubluu utauona. Kama imeshatumika, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, itakuandikia betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na upi. Uliza kama ina nafasi ya SSD ya pili. Na chunguza isije ikawa imefungwa na kampuni iliyoimiliki mwanzo, maana kufuli hilo hurudi hata ukiifuta yote.

Ukibakiwa na fedha usinunue begi lenye nembo. Nunua RAM, kisha diski ya nje ya kuhifadhia kazi zilizokwisha. Harusi ya mtu haikai mahali pamoja.

Nitumie picha ya stika ya chini ya hiyo nyeusi, na ya chaja yake, pande zote mbili. Chaja hasa, wati zake zitaniambia mengi kuliko muuzaji. Jumamosi asubuhi nitapiga, uwe karibu na baba.

Dada yako