Gesi ya nusukaputi inavuja, ninyi mnahesabu balbu

Mhariri,

Nimewasoma kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile ripoti yenu ya hospitali na mazingira ndiyo iliyonishinda. Balbu mmezihesabu, miche mmeipiga picha, lakini gesi ya nusukaputi hamkuitaja kabisa.

Mimi ni mtoa usingizi. Gesi tunayomvutisha mgonjwa karibu yote huitoa tena kwa pumzi, ikapanda bomba hadi juu ya paa. Desflureni, mojawapo ya gesi hizo, kilo kwa kilo, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100. Uskoti waliachana nayo mwaka 2023. Umoja wa Ulaya umeizuia tangu Januari 2026, isipokuwa pale tu tiba inapoilazimu. Wagonjwa wanalala salama kwa sevoflureni, gesi nyingine ya usingizi, au kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani.

Jumatatu moja niliingia chumba cha mitungi ya naitrasi oksaidi, gesi ya kupunguza maumivu wakati wa upasuaji. Vyumba vya upasuaji vilikuwa vimefungwa tangu Ijumaa, vinapakwa rangi. Hakuna aliyelazwa usingizi. Mitungi miwili ilikuwa mitupu. Nikapaka sabuni kwenye kiungo cha bomba, na papo hapo mapovu yakaanza kuvimba na kupasuka. Nikamfuata mhusika, akaniambia niandike kwenye daftari. Nikaandika. Wiki tatu baadaye nikapaka sabuni tena pale pale, mapovu yale yale. Gesi hiyo hukaa angani zaidi ya miaka 100 na huila tabaka la ozoni, nasi tuliinunua ikatoroka bila kumpunguzia maumivu mtu hata mmoja! Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Na hili la mafundi nalo limenichosha. Fundi huitwa mashine ikizimika. Inayovuja huku inafanya kazi huhesabiwa nzima, iwe ya gesi, ya maji au ya oksijeni.

Kila hospitali ipime uzito wa mitungi ya naitrasi oksaidi Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, namba zote mbili zibandikwe mlangoni. Uzito ukipungua zaidi ya gesi waliyopewa wagonjwa, valvu ya bomba kuu ifungwe, itumike mitungi midogo kwenye mashine ya usingizi yenyewe. Na mgonjwa akishatulia, mtiririko wa gesi ushushwe chini ya lita 1 kwa dakika.

Mwandishi wenu akirudi hospitalini, aanzie chumba cha mitungi. Aje na sabuni.

Mtoa usingizi