Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Madaktari Kuhusu Usalama wa Bunduki Nyumbani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilielekezwa kwenye jambo moja: kumwandaa daktari azungumze na mgonjwa wake kuhusu bunduki iliyomo nyumbani. Sababu mnaijua. Hapa Marekani, mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi, na kati yao 26,328 walijiua. Anayejipiga risasi ni nadra kupona, ilhali msukumo wa kutaka kufa mara nyingi hupita upesi. Kufuli kwenye bunduki humchelewesha mtu, na kuchelewa huko kunaweza kumponya.

Madaktari waliohudhuria mafunzo walikuwa na takwimu. Walichopungukiwa ni namna ya kuuliza. Katika zoezi moja la kuigiza, daktari wa watoto aliuliza, "Una bunduki?" kwa sauti ya mtu anayepekua, na mazungumzo yakafia hapo. Mwezeshaji, ambaye ni mwindaji wa siku nyingi, alimwomba arudie hivi: "Familia nyingi ninazozihudumia zina silaha. Kama nanyi mnayo, mnaihifadhije sasa mtoto ameanza kutambaa?" Aliyeigiza mzazi akaanza kueleza habari za bastola iliyo kwenye droo karibu na kitanda. Kwa maoni yangu, mafunzo haya yasifanyike tena bila wamiliki wa bunduki kuwa miongoni mwa walimu. Mgonjwa hutambua haraka kama daktari anamjali au anamhukumu.

Kila mshiriki pia alishika kufuli ya kebo, yaani waya mgumu unaopitishwa ndani ya bunduki ili isiweze kufyatuliwa, na kuipitisha mwenyewe kwenye bastola tupu. Ushauri wa msingi ni mfupi: bunduki isiwe na risasi, ifungwe, na risasi zifungiwe mahali pengine. Ugumu huja pale mgonjwa anapokuwa na mawazo ya kujiua, au mzee anapoanza kupoteza kumbukumbu. Hapo huenda silaha ikahitaji kutoka nyumbani kwa muda, na sheria za kumkabidhi mtu mwingine silaha hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Ndiyo maana tuliongeza kipindi cha mwanasheria.

Bado nasikia hofu kwamba daktari haruhusiwi kuuliza. Sheria ya jimbo la Florida ya mwaka 2011 ndiyo iliyoipanda hofu hiyo. Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ilibatilisha vipengele vyake vilivyowazuia madaktari kuuliza na kuweka kumbukumbu, ikaacha katazo la kumbagua mgonjwa kwa sababu anamiliki silaha. Katazo hilo nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Lililobaki ni muda. Madaktari wanatuambia kuwa mgonjwa mmoja hutengewa dakika chache mno, nasi hatujawapa jibu la kutosha. Kamati inapendekeza wauguzi nao wafundishwe mwakani, ili swali liulizwe kabla mgonjwa hajamfikia daktari, na fedha za kufuli za kugawa bure zitengwe mapema. Naomba mapendekezo haya mawili yapigiwe kura leo.

Mwenyekiti