Kaka, hilo ni panga, tafuta kisu

Mambo vipi kaka,

Picha ya kisu unachotaka kununua cha kupasulia kulungu nimeiona. Nilicheka kwanza alafu nikanyamaza, maana hicho kisu chako nakijua, niliwahi kuwa na ndugu yake. Ubapa inchi nane, meno ya msumeno mgongoni, ncha imepinda kama jambia, yaani nilivokinunua nilikaa nakitazama tu jioni nzima. Sasa kabla hujalipa nisikilize.

Mara ya kwanza kukitumia giza lilikuwa linaingia, kulungu (nasema hawa wenye pembe za matawi, deer) kashaanguka, na mimi nina haraka. Nikamlaza chali, nikachoma ngozi pale kidari kinapoishia, na kwa ule urefu wake kisu hakikuishia kwenye ngozi, kikazama mpaka kwenye tumbo lenyewe, lile kubwa la kucheulia. Nikasikia psssss. Ukishasikia huo mlio ndo basi tena. Maji ya majani yaliyosagwa yakatiririka ndani kote, harufu ilikaa mikononi siku mbili, na sarara, ile nyama laini kuliko zote, karibu nusu nikaikata nikatupa. Risasi ilipita pazuri kabisa, mnyama hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa zile inchi nne za chuma zisizo na kazi.

Kwahiyo urefu kwanza. Sentimita 8 mpaka 10 za ubapa zinatosha kwa kulungu yeyote, hata dume kubwa. Najua unaona kama ni kisu cha kumenyea viazi, ila subiri ufike ile sehemu ya kuingiza mikono yote miwili kifuani mpaka viwiko, huoni kitu, unapapasa, mkono mmoja umeshika koo la hewa na mwingine una kisu unataka kulikata kwa juu kabisa, hapo kisu inabidi kijifiche nyuma ya vidole vyako mwenyewe. Kirefu hakijifichi. Mimi kovu langu la kidole gumba cha kushoto limetokea humo humo gizani.

Umbo nalo, tafuta kile ambacho mgongo wake unashuka taratibu kukutana na ncha, tumbo la makali limejaa kidogo. Jamaa aliyelifanya umbo hilo lipendwe na wawindaji ni Bob Loveless, mtengeneza visu wa Marekani aliyefariki 2010, na alijua anachofanya, maana ncha ikishuka chini vile haiwi na haraka ya kuchoma. Ncha nyembamba iliyochongoka ni nzuri kwa kutoboa, na wewe pale ndani hutaki kutoboa chochote. Kuna vingine vina kindoano mgongoni cha kufungulia ngozi kama zipu, watu wanavisifu sana, mimi binafsi sivipendi, manyoya yanajaa kwenye kile kipindo na kukinoa unahitaji tupa ndogo ya duara ambayo siku unayoihitaji huioni.

Umeuliza cha kukunja au kisichokunja. Kisichokunja, bila kufikiria mara mbili. Sio kwamba vya kukunja havifai, Buck 110, kisu cha kukunja cha Kimarekani, ipo tangu 1964 na imepasua wanyama wasiohesabika, ila mafuta na damu vinaingia kwenye bawaba na kwenye loki, vinaganda humo, na siku nyingine loki haishiki vizuri kisu kikafunga juu ya vidole. Kisichokunja unakimwagia maji, unafuta, umemaliza. Mpini uwe wa raba au plastiki yenye mikwaruzo, mbao iliyong'arishwa ikilowa damu inateleza kama sabuni. Na usicheke, chukua rangi ya chungwa. Ukiweka chini kisu cha mpini wa kahawia kwenye majani makavu jioni utakitafuta kwa magoti.

Chuma ndo watu wanabishana mpaka asubuhi. Kwa ufupi, ile stenlesi inaitwa hivo kwa sababu ya kromiamu, inaanzia kama asilimia 10.5, aina inayoitwa 440C ina 16 mpaka 18, haishiki kutu kirahisi. D2, chuma kingine cha visu, ina kama 12 na kaboni nyingi, inakaa na makali muda mrefu ila ikiisha makali utalia nayo kwenye kinoo. Chuma cha kaboni tupu kinanoleka haraka sana, kinakata vizuri mno, lakini kiache na damu usiku mmoja kwenye ala ya ngozi asubuhi utakuta madoa ya kutu. Ngozi inatunza unyevu, ala za plastiki hazina hiyo shida. Wewe ambaye kunoa bado unajifunza chukua stenlesi ya kawaida, sio lazima ya bei mbaya.

Vile vya kubadilisha nyembe kama vya upasuaji, sawa, vinakata hatari, kwa kuchuna ni raha tupu. Ila wembe wenyewe ni mwembamba, ukiuzungusha kwenye maungio unakatika kipande kinabaki kwenye nyama. Kama utatumia hesabu nyembe ulizoingia nazo na ulizotoka nazo.

Sasa kukitumia. Tundu la kwanza liwe dogo tu la kuingiza vidole viwili, cha shahada na cha kati, vitanue kama V, viinue ngozi juu mbali na matumbo, alafu kisu kipite katikati ya hivo vidole makali yakitazama juu, mgongo wa kisu ndo uwe upande wa matumbo. Unakata kutoka ndani kwenda nje. Hii ina faida mbili, hutoboi kitu na pia hukati manyoya, manyoya yana mchanga na vumbi, yanamaliza makali kuliko nyama yenyewe na yanaingia kwenye nyama. Ukiona tumbo limetuna na kusukuma kwenye vidole punguza mwendo, usibonyeze.

Nyuma kule zungushia njia ya haja kwa ncha, taratibu, ivute kidogo uifunge na kamba ndo uiachie ipite ndani. Kibofu cha mkojo kiko hapo hapo kinakusubiri, kishike kwa vidole usikiguse na kisu. Nyongo usiiogope, wanaochinja mbuzi huwa wanaiwaza kwanza nyongo, lakini hawa kulungu wenye pembe za matawi hawana kabisa kile kifuko, usipokiona kwenye ini usidhani umekipasua. Baada ya hapo unakata lile pazia la nyama linalotenga kifua na tumbo, pande zote pembeni ya mbavu, unafikia koo la hewa kama nilivokwambia, unakata, unavuta, na mzigo wote unatoka pamoja. Mfupa wa kidari na wa nyonga usiukate na hicho kisu, beba msumeno mdogo au uache kama ulivo. Na zile tezi zenye manyoya meusi ndani ya miguu ya nyuma usizishike kabisa, ukizishika alafu ukashika nyama umeipaka harufu. Vaa glavu, na mwinamishe damu ichuruzike, mweke kijiti kifuani hewa ipite, maana joto lililobaki ndani ndo linaoza nyama, unataka ishuke mpaka nyuzi 4 au chini ya hapo mapema iwezekanavyo.

Kunoa fanya nyumbani, siku moja kabla. Pembe ya nyuzi 20 kila upande inatosha, hutaki kipimo, simamisha kisu wima juu ya kinoo, kilaze nusu, alafu kilaze nusu tena, hapo uko kwenye 22 hivi, karibu kabisa. Sugua upande mmoja mpaka upapase upande wa pili kwa gumba usikie kama kiuzi cha chuma kimekunjika urefu wote, ndo ugeuze. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kwa mgongo sio kwa makali. Karatasi ikikatika bila kuchanika umefika. Kile kisu changu kilichonikata kilikuwa butu, nilikuwa nakilazimisha.

Hicho kikubwa kama roho bado inakitaka kinunue, kinapendeza ukutani. Kinoo usinunue, nina kile cha zamani, kimeliwa katikati kidogo lakini ukikilowesha vizuri kinanoa, nikija nakuletea.

Msalimie shemeji na watoto.