Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Leseni Zetu na Bei ya Risasi

Ndugu wanachama,

Mwaka mzima simu yangu imelia kwa maswali mawili. La kwanza: "Mwenyekiti, ni kweli wanakuja kutunyang'anya silaha?" La pili: "Mwenyekiti, risasi zimepanda tena?" Taarifa yangu itakaa hapo. Hesabu za chama mweka hazina atawasomea baadaye, na ninaomba mumuulize maswali bila haya.

Hofu hii tuliitoa mbali. Desemba 2018 serikali ya Kenya ilifuta leseni zote za raia za kumiliki silaha, ikatupa siku 90 kwenda kuhakikiwa upya. Ambaye hangefika, tuliambiwa, angehesabiwa jambazi mwenye silaha. Wengi wenu mlikuwa kwenye foleni ile. Mlikaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani: cheti cha tabia njema, barua ya daktari, nakala ya kitambulisho. Nami nilikuwamo. Aliyekaa karibu nami alikuwa amemiliki bastola miaka mingi bila doa, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama, kisha akaketi tena.

Sikuuchukia uhakiki wenyewe, na ninasema hivi nikijua baadhi yenu hamtapenda. Vyeti vya kughushi vilikuwepo. Kulikuwa na watu waliopata leseni kwa sababu ya kujuana tu, na hawakustahili kukabidhiwa hata manati. Kilichoniuma ni kwamba tulihukumiwa kwanza, maswali yakaja baadaye.

Sasa tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na siasa zikipamba moto maneno ya kukaza leseni hurudi. Kwa hiyo tujue tunachokiogopa. Itifaki ya Nairobi, yaani mkataba wa nchi za kanda yetu wa kudhibiti silaha ndogo, ambayo nchi yetu ilitia saini Aprili 2004, inazitaka nchi zilizoikubali zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki ndefu za otomatiki na hata za nusu otomatiki, zile zinazotoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Wenye bunduki ndefu za aina hiyo wasijidanganye. Shinikizo hilo lipo na halitaondoka. Bastola hazimo katika marufuku hayo. Itifaki inataka zisajiliwe na kudhibitiwa, jambo ambalo sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inalifanya tayari. Anayewaambia kwamba bastola zote zinaondoka kwa sababu ya mkataba wa kimataifa anawatia hofu bure.

Hoja yetu kubwa mbele ya serikali ni hii. Watafiti wa Small Arms Survey, mradi wa Geneva unaochunguza silaha duniani, walikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Kenya wana bunduki zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa elfu nane na ushei. Sisi ndio hao elfu nane. Nambari za silaha zetu zinajulikana, nyumba zetu zinajulikana, hata alama za vidole vyetu zipo kwenye faili. Kila amri mpya hutufikia sisi kwa sababu ndio tunaofikika. Bunduki inayoua watu kwenye wizi wa mifugo haikupitia foleni ya 2018. Na Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwatoa akina mama na watoto walikuwa raia wenye bastola za leseni.

Hatuombi upendeleo. Katiba, Kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri inataka watakaoguswa waulizwe kwanza, gharama zikiwa kubwa zielezwe kwa maandishi, na kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Tutasimama hapo. Silaha iliyonunuliwa kihalali ikitwaliwa, Kifungu cha 40 kuhusu mali kina la kusema, nasi tutakisoma kwa sauti.

Sasa bei. Mwaka huu nilikuwa uwanja wa shabaha na mwanachama wetu mmoja, mfugaji. Alifungua leso, akatoa risasi tano. Akazipanga mezani moja moja, kama mtu anayehesabu sarafu za nauli. Akapiga tatu. Mbili akazifunga tena kwenye leso. "Hizi, Mwenyekiti, ndizo za kurudi nazo nyumbani." Sikulala vizuri usiku ule. Mtu asiyefanya mazoezi ni hatari kwa jirani yake kuliko kwa mwizi.

Risasi za bastola tunazonunua madukani huagizwa nje, kwa dola. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Ikashuka hadi kama 129, lakini bei za dukani hazikushuka nayo. Tangu 2022 vita vya Ukraine vimevuta baruti kwenda majeshini, na viwanda vya Ulaya vimehangaika kupata nitroselulosi, ile malighafi ya pamba inayotengeneza baruti ya kisasa. Kiwanda cha risasi cha Eldoret ni cha serikali na kilijengwa kwa mahitaji ya vyombo vya usalama. Tutaomba kitufikirie pia, japo siwaahidi lolote.

Lakini kuna sehemu ya bei hii tunaipandisha wenyewe. Uvumi ukitoka Ijumaa, Jumamosi duka limekauka. Ndugu zangu, cheti chako kimeandikwa idadi ya risasi unazoruhusiwa. Ukipita hapo, umevunja sheria ile ile tunayodai kuiheshimu, na mkaguzi atakayezikuta kabatini mwako hatataka kujua kama ulinunua kwa woga. Chama hakitamtetea mtu wa hivyo. Wala hakitamtetea anayechomoa bastola kwa kugombania njia barabarani au aliyeibeba baa.

Jambo la mwisho lilitukuta mara mbili mwaka huu: mwanachama amefariki, mjane anaikuta bastola chini ya godoro na hajui afanye nini. Ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu, iandikwe, apewe stakabadhi. Mwambie mwenzi wako leo, kabla hajalazimika kuuliza akiwa msibani.

Kamati ya kuandika maoni yetu kwa Bodi ya Leseni za Silaha inahitaji watu watano, na angalau mmoja awe wakili. Majina yapokelewe na katibu kabla hatujatoka ukumbini.

Mwenyekiti